Kuikopesha sayansi kadi yako ya grafiki: pa kuanzia kwa aliyeko Mtwara au Lindi

Kila baada ya wiki mbili tatu kuna kijana anaingia hapa dukani Chikongola, anazungukazunguka kwenye meza ya chaja, halafu anatoa swali ambalo ameshalifanyia mazoezi njiani: "Fundi, eti kadi ya game inaweza kutafuta nyota?" Inaweza: mashine yako ikiwa haina kazi, kadi inawapigia wanasayansi hesabu zao kupitia mtandao. Baada ya hapo yanafuata maswali matatu yaleyale, basi niyajibu hapa yaishe. Inalipa? Hailipi hata senti. Inakula bando? Inakula, ila wewe ndiye utakayeipimia. Itaunguza kadi? Hesabu haziunguzi kadi. Kadi huunguzwa na joto, vumbi na umeme wa kurukaruka, na vyote vitatu huku kwetu vipo vya kumwaga.

Miongozo mingi utakayoikuta imeandikwa na watu ambao shida yao ni baridi. Wapo wanaowasha kadi makusudi ili chumba kipate joto. Mimi namwandikia mtu wa chumba kimoja Magomeni ya hapa Mtwara, bati bila dari, mwezi wa Novemba kabla mvua haijaanza.

Unajitolea nini hasa

Kati ya mwaka 1909 na 1913 wapagazi walibeba mifupa ya mjusi mkubwa kutoka kilima cha Tendaguru mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Hakuna hata mmoja wao aliyebeba mjusi mzima. Kila mtu alikuwa na kipande chake kichwani, na vipande ndivyo vilivyokuja kuunganishwa Berlin. Kompyuta ya kujitolea ni hivyohivyo, isipokuwa hapa hakuna mnyapara: unaingia kwa hiari yako na kutoka siku unayotaka. Hesabu kubwa inakatwa vipande, mashine yako inachukua kimoja, inakitafuna, inarudisha jibu, inachukua kingine.

Jambo moja tu la kukumbuka katika nadharia yote hii. Kwa kawaida kipande kilekile hupewa pia mashine ya mtu mwingine usiyemjua, kisha majibu yanalinganishwa. Yasipofanana, kazi inarudiwa. Kwa hiyo kadi ndogo inayorudisha jibu sahihi kila usiku inasaidia kuliko kadi kubwa inayochemka na kurudisha makapi. Karibu kila ninachokushauri hapa chini kinatokana na hilo.

Tutatumia programu iitwayo BOINC, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, na mradi wa Einstein@Home ulioanza mwaka 2005. Mradi huu unatafuta mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko midogo ya anga inayotokana na vitu vizito vinavyozunguka, na pulsa. Pulsa ni nyota iliyokwisha kufa, nzito kupindukia, inayozunguka na kumulika kama taa ya mnara wa bandarini. Mwaka 2010 kompyuta za nyumbani za wanandoa wa Iowa, Marekani, na ya Mjerumani mmoja ziliigundua moja inayozunguka mara 41 hivi kwa sekunde, ndani ya data ya darubini ya redio ya Arecibo. Sehemu ya data inayochambuliwa siku hizi inatoka MeerKAT, madishi 64 yaliyosimikwa Karoo, Afrika Kusini. Mimi hilo la mwisho ndilo lililonivuta.

Miradi mingine ipo. Folding@home ni ya protini na magonjwa. Ina programu yake yenyewe na inataka majibu haraka, jambo gumu kama umeme na bando vyako ni vya kubahatisha. PrimeGrid inatafuta namba tasa kupitia BOINC hiihii. Rosetta@home inatumia prosesa tu, kadi yako itakaa bure. Na SETI@home, ambayo bado naulizwa, iliacha kugawa kazi Machi 2020.

Kabla hujagusa kitu, uwe na hivi

- Kompyuta ya mezani yenye kadi ya NVIDIA au AMD, memori ya kadi GB 4 au zaidi. Laptop siishauri: feni yake ndogo, na ikikolea joto huna pa kuipunguzia.
- Pawa saplai inayotosha. GTX 1050 Ti na GTX 1650 ni kadi za wati 75, nyingi zinajitosheleza na umeme wa kwenye ubao mkuu wa kompyuta. RX 580 ni wati 185 na inataka waya wake. Zile HP na Dell ndogo za ofisini, za mtumba, nyingi hazina waya huo. Usiunge kwa ujanja.
- Windows 10 au 11 ya biti 64, au Linux.
- Nafasi ya GB 10 kwenye diski na anwani ya barua pepe unayoifungua kweli.
- Stebilaiza au UPS. Ukikosa kabisa, hata friji gadi: inazuia ule umeme wa kwanza unaorudi na kishindo.
- Brashi mpya ya rangi ya inchi moja, kwa ajili ya vumbi.
- Maelewano na wenzako wa LUKU. Hili linahitaji maelezo.

Hesabu ya LUKU

Mashine yangu, yenye GTX 1050 Ti, inavuta kama wati 130 ikiwa kazini, kioo kimezimwa. Usiku mmoja wa saa nane ni uniti 1.04. Kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti pamoja na makato, hiyo ni shilingi 370 kwa usiku, kama 11,100 kwa mwezi. Ukiiacha usiku na mchana, zinakuwa uniti 93 na ushee, zaidi ya shilingi 33,000. Mimi ya usiku naimudu. Ya kutwa sitaki hata kuisikia.

Sasa angalia mtego. Kama nyumba yako iko kwenye kundi la D1, la watumiaji wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, unanunua uniti kwa shilingi 122 hivi. Nyumba inatumia 60, kadi inaongeza 31, umeshavuka. Ukizoea kuvuka, unahamishiwa bei ya kawaida, na hapo gharama yako haiwi tena ile 11,100 ya kadi: ni friji, pasi, taa na feni za nyumba nzima kwa bei mara tatu. Angalia kwenye risiti za miezi mitatu iliyopita umetumia uniti ngapi kabla hujaamua.

Na kama umepanga, mita ni moja na mnachangishana, mwambie mama mwenye nyumba mapema. Mimi nilianza kimyakimya. Mwezi wa pili uniti zikaisha tarehe 19, akasimama mlangoni na daftari lake la michango: "Baba, hiyo feni inayolia usiku kucha humo ndani ni ya nini?" Nikaanza kumweleza habari za nyota. Mwisho niliongeza elfu kumi na mbili kwenye mchango wangu wa kila mwezi na amani ikarudi. Ungekuwa uamuzi wa kwanza, nisingeitwa kwenye kikao.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha kadi ni yenyewe. Pakua programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z. Angalia jina la kadi, ukubwa wa memori, na chini kabisa kama OpenCL, njia ambayo programu huitumia kuipa kadi hesabu, imewekewa tiki. Kuna kadi bandia zinazouzwa kwa jina la GTX 1050 Ti kumbe ndani ni kadi ya zamani iliyoandikwa upya. GPU-Z ikiigundua, inaweka neno FAKE mbele ya jina. Fanya ukaguzi huu ukiwa bado mbele ya muuzaji, hela ikiwa bado mfukoni.

2. Safisha. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu ili chaji iliyobaki iishe. Toa kadi, shika feni yake kwa kidole isizunguke, piga brashi. Huku kwetu kuna vumbi la aina mbili na lazima uyatofautishe. La kawaida ni jekundu au kijivu, linakaa juu juu na linapukutika. La pili ni la manjano hafifu, laini kama poda, linang'ang'ania kwenye mapezi ya shaba na lina harufu ya kiberiti. Hiyo ni salfa ya mikorosho. Mtu ametoka shambani kupuliza, kaingia nayo kwenye nguo, au anahifadhi mifuko chumba kimoja na kompyuta. Salfa ikichanganyika na unyevu wa pwani inakula shaba na fedha za kwenye bodi. Nimeshafungua kadi ya mteja wa Naliendele, ncha zake zimekuwa nyeusi kama masizi. Kompyuta isilale na salfa chumba kimoja, iwe imewashwa au imezimwa.

3. Weka draiva ya mtengenezaji, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi. Ile inayoletwa na Windows yenyewe mara nyingi inaonyesha picha vizuri lakini haina OpenCL kamili. Nenda tovuti ya NVIDIA au AMD, chagua kadi yako, pakua. Ni faili kubwa la mamia ya MB, kwa hiyo subiri bando la usiku au nenda sehemu yenye waifai. Baada ya kusakinisha, zima na uwashe.

Wa Linux ya Ubuntu, tumia draiva inayopendekezwa kwenye orodha ya draiva za ziada, kisha, kama kadi ni ya NVIDIA, andika `nvidia-smi` kwenye teminali. Ukiona jina la kadi na joto lake, umevuka.

4. Sakinisha BOINC. Ipakue boinc.berkeley.edu tu. Kama utaona toleo lenye VirtualBox na toleo lisilo nayo, chukua lisilo nayo, Einstein haiihitaji. Wakati wa kusakinisha kuna mahali utaulizwa kama unataka iendeshwe kama huduma iliyolindwa ya Windows. Usiweke tiki. Ukiweka, programu haitaweza kuigusa kadi, na utakuja kunilaumu mimi.

Kwenye Ubuntu: `sudo apt install boinc`.

5. Funga breki kabla hujawasha injini. BOINC ikifunguka mara ya kwanza itakuomba uchague mradi. Bofya "Cancel". Watu wengi hukimbilia kujiunga, programu inaanza kupakua na kuchemsha kadi wakati wao bado wanatafuta mipangilio. Ingia kwanza menyu ya "View" uchague "Advanced view", halafu "Options", halafu "Computing preferences". Rekebisha haya:

Kwenye sehemu ya kompyuta, weka matumizi ya prosesa yasizidi asilimia 75 ya viini. Kadi inahitaji kiini kimoja cha kuilisha. Ukivijaza vyote, kadi inakaa na njaa. Weka tiki kwenye "Suspend GPU computing when computer is in use", ili ukikaa kufanya kazi zako kadi ikuachie. Akiba ya kazi iwe siku 0.1, na ya nyongeza siku 0.1. Usiwe na tamaa hapa.

Kwenye sehemu ya mtandao kuna mstari wa kuweka kikomo cha MB kwa idadi ya siku. Anza na MB 500 kwa siku 7, kisha uongeze ukishaona tabia ya kazi unazopewa, maana hazilingani.

Kwenye ratiba, weka kazi ifanyike kati ya 22:00 na 06:00. Hapa nakuomba utulie. Programu haijui saa za Kiswahili. Kuna jamaa wa Mikindani aliandika 4:00 hadi 12:00 akimaanisha saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mashine ikawa inaanza alfajiri na kupiga mzigo mpaka saa sita mchana, jua la utosini, madirisha yamefungwa kwa kuwa yeye yuko kazini. Alikuja na kadi mkononi.

6. Jiunge na mradi. Menyu ya "Tools", kisha "Add project". Chagua Einstein@Home kwenye orodha, sema wewe ni mtumiaji mpya, weka barua pepe na nenosiri. Ikikataa kufungua akaunti kwa njia hiyo, fungua kwenye einsteinathome.org halafu rudi uingie kama mtumiaji aliyepo. Jina utakaloonekana nalo si lazima liwe lako la kitambulisho.

7. Waambie unataka kazi za kadi. Kwenye tovuti ya mradi, ingia akaunti yako, fungua mapendeleo ya mradi, uzime kazi za prosesa na kuacha za kadi yako. Utaona pia kipimo cha sehemu ya kadi ambayo kila kazi itachukua: 1 ni kadi nzima, 0.5 ni nusu, yaani kazi mbili kwa pamoja. Kiko 1. Kiache 1. Kijana aliyesoma mahali kwamba 0.5 inaongeza kasi huja hapa na kadi ya GB 4 inayotema makosa, kwa sababu kazi mbili zinagombania memori ya kazi moja.

Rudi kwenye BOINC, sehemu ya "Projects", bofya "Update" mara moja ili ichukue mabadiliko.

8. Ikalie kazi ya kwanza. Usiiache usiku wa kwanza. Chagua Jumamosi asubuhi, badilisha ratiba kwa muda, ondoa na ile tiki ya kusimama ukiwa unatumia mashine, fungua sehemu ya "Tasks". Utaona kazi ikisema inaendelea, pamoja na sehemu ya prosesa na kadi moja. Makadirio ya muda uliobaki yatakuwa ya uongo siku za mwanzo. Programu bado inaijifunza mashine yako. Huku fungua GPU-Z sehemu ya vipimo uangalie joto.

Yangu haivuki nyuzi 75. Kadi nyingi zinavumilia zaidi ya hapo kwa karatasi za kiwandani, lakini karatasi hizo hazikuandikiwa chumba cha nyuzi 32 na unyevu wa Mtwara. Ikifika 80 ndani ya nusu saa ya kwanza, simamisha. Ondoa ubavu wa kasha, elekeza feni ya mezani, jaribu tena. Bado? Nenda hatua ya 9.

9. Ipunguzie umeme. Sakinisha MSI Afterburner, inafanya kazi hata kama kadi si ya MSI. Kuna kitelezi cha kikomo cha umeme. Kishushe mpaka asilimia 80. Kasi inapungua kidogo tu, joto linapungua sana, na LUKU inashukuru. Ukiwa hapo usiguse vitelezi vya kuongeza kasi ya kadi au ya memori. Game likikosea rangi ya nukta moja kwenye skrini, nani ataona? Hesabu ikikosea tarakimu moja, jibu lote linatupwa.

10. Rudisha ratiba na tiki yako, ukalale. Asubuhi angalia "Tasks". Kazi iliyokwisha itakuwa inasubiri kupakiwa au kuripotiwa. Kama unatumia hotspot ya simu, si lazima simu ilale hapo. Washa hotspot dakika kumi asubuhi, bofya "Update", ipeleke majibu na kuchukua kazi mpya, zima. Angalia safu ya "Deadline" uone siku ulizopewa. Kwa kawaida zinatosha kabisa kwa mtindo huu.

Makosa yanayoniletea wateja

La kwanza ni tamaa ya kazi. Mtu anaweka akiba ya siku 10 akidhani akikosa bando atakuwa na chakula. Umeme unakatika siku mbili, anasafiri Masasi msibani siku nne, anarudi kazi zote zimepita muda na wameshagawiwa wenzake. Chukua kidogo, rudisha.

La pili: kuiwekea nguo. Ndiyo, nguo. Feni inapiga kelele usiku, mtu anafunika kasha na kanga. Kama kelele inakusumbua, punguza kikomo cha umeme au hamishia kwenye kibaraza kilichofungwa, mbali na mvua na kuku.

La tatu: kuweka programu kwenye kompyuta ya ofisi au ya shule bila ruhusa kwa sababu "usiku haina kazi". Umeme unalipwa na mtu. Omba kwa maandishi, au achana nayo.

Halafu kuna matapeli. Yeyote atakayekuomba ada ya kujiunga kwa simu, au kukuahidi gawio kila wiki kutokana na kadi yako, hahusiani na BOINC. Utapata pointi, zinapendeza machoni, huwezi kununulia hata kashata.

Ikigoma

*Inasema hakuna kadi inayofaa.* Fungua "Event log" kwenye menyu ya "Tools", soma mistari ya juu kabisa. Kama haitaji NVIDIA wala AMD, rudi hatua ya 3. Kama draiva ni sawa, basi ulisakinisha kama huduma ile ya hatua ya 4; ondoa, sakinisha upya. Kwenye Linux, huenda mtumiaji aitwaye boinc hayumo kwenye makundi ya `video` na `render`. Muongeze, kisha zima uwashe.

*Kazi ipo lakini haisogei.* Soma sababu iliyoandikwa pembeni yake. Mara tisa kati ya kumi inasema kompyuta inatumika, na wewe ndiye unayeitumia kwa kusukuma mausi kila dakika kuangalia kama imesogea. Toka nje.

*Kazi zinakufa kwa kosa la hesabu.* Zikifa ndani ya sekunde chache, mara nyingi ni draiva au memori ya kadi haitoshi. Zikifa baada ya muda mrefu, shuku joto, kadi iliyoongezwa kasi, au pawa saplai iliyochoka. Seva ikiona makosa mengi itakupunguzia kazi kwa siku. Haijakufungia, rekebisha tatizo, kazi zitaongezeka zenyewe.

*Haiongei na seva kabisa, ingawa intaneti ipo.* Angalia saa ya kompyuta. Nacheka, lakini hii ilinila siku mbili nzima. Umeme ulikatika alasiri, ukarudi usiku, na kuanzia hapo BOINC ikawa inaleta kosa la cheti cha usalama. Nilibadilisha laini ya simu, nikanunua bando jingine, nikasakinisha programu upya. Siku ya pili jioni mwanangu wa darasa la sita akapita nyuma yangu akasoma kona ya chini ya skrini: "Baba, kwani leo ni mwaka 2012?" Betri ya kidonge ya kwenye ubao, CR2032, ilikuwa imekufa, kila umeme ukikatika kompyuta inasahau tarehe, na seva inakataa kuzungumza na mtu anayeishi mwaka mwingine. Badilisha betri, rekebisha saa, kwisha.

*Umeme ulikatika kazi ikiwa asilimia 90.* Ikiwaka itaendelea kutoka alama ya mwisho iliyohifadhiwa, huenda utarudi nyuma dakika chache. Ila kwenye mipangilio ya BIOS, ile ya ubao inayofunguka kabla ya Windows, hakikisha mashine haijiwashi yenyewe umeme ukirudi. Subiri dakika tano utulie ndipo uwashe kwa mkono.

*Nimemaliza kazi kumi, pointi ni sifuri.* Zinamsubiri yule mwenzako usiyemjua amalize kipande kilekile. Huenda yuko Finland, huenda naye umeme umekatika.

*Nataka kuacha.* Usifute tu programu, kwa sababu kazi ulizoshika zitakaa zikisubiri mpaka muda wake uishe. Nenda "Projects", bofya "No new tasks", acha zilizopo zimalizike na kuripotiwa, kisha "Remove". Msimu wa korosho kadi yangu mimi huwa inapumzika hivyo, Oktoba hadi Desemba, maana joto linapanda, vijana wana hela, na duka linajaa simu za kutengeneza. Januari naingia tena kwa akaunti ileile, na pointi zangu nazikuta.